Kwa Nini Zege Hupasuka?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wasomaji wapenzi, hapa Kitengela kuna nyufa ambazo huanzia ndani ya zege lenyewe. Tangi la zege likipasuka, maji tuliyonunua kwa mitungi huishia udongoni. Hiyo si hasara ndogo.

Chanzo chake ni maji. Mfuko wa simiti wa kilo 50 huhitaji maji kama lita 25 hivi, au pungufu, ili zege liwe imara. Lakini zege la namna hiyo ni gumu kukoroga, kwa hivyo vijana wa mjengo humwaga ndoo nyingine, eti lilainike. Simiti haiyahitaji maji hayo. Baadaye hukauka, tena upesi mno kwa jua na upepo wa nyanda hizi za Kajiado.

Maji yanapotoka katika vitundu vidogo vya zege, yale yaliyobaki huvuta kuta za vitundu zikaribiane, kama vile vipande viwili vya kioo vilivyolowa vinavyong'ang'aniana. Basi zege husinyaa. Sakafu ya mita 10 yaweza kupungua takriban milimita 5. Na kwa kuwa imeshikwa na msingi, haina budi kupasuka.

Hapo ndipo kemikali huingia. Aina ya kwanza, plastisaiza, hutawanya chembe za simiti zilizogandamana, zege likalainika bila maji ya ziada. Maji hupunguzwa kwa asilimia 5 hadi 10, na zile kali hufikisha 20 na zaidi. Aina ya pili, iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1980, hudhoofisha ule mvuto wa maji katika vitundu.

Hata hivyo, msidhani dawa hizi huponya kila kitu. Fundi akitia plastisaiza kisha amwage maji yale yale ya zamani, zege litasinyaa vile vile. Akizidisha kipimo, litachelewa kushika. Wala kemikali haizuii nyufa zinazoletwa na udongo wetu mweusi, ambao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi.

Je, asiye na pesa za kemikali? Apime maji kwa ndoo badala ya kukisia, kisha alifunike zege kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7. Sisi ni majirani wa viwanda vya simiti vya Athi River. Ni aibu kujua bei ya mfuko bila kujua kipimo cha maji yake. Kwenu kukijengwa, mwulizeni fundi: "Mfuko mmoja, maji lita ngapi?"