Hitilafu za Onesho katika Kuendesha Michezo ya Kompyuta: Ufafanuzi wa Chanzo na Utatuzi kwa Mazingira ya Bariadi, Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Katika mji wa namna hii, kompyuta moja huweza kuwa na kazi nyingi: mchana huchapa barua za wateja, jioni huchezewa mpira au mbio za magari. Kiwambo chake, ambacho mafundi na wateja hukiita kioo, kikizimika mara mchezo unapofunguliwa, hukumu ya haraka huwa kwamba kioo kimekufa. Hukumu hiyo ina gharama. Mwenye kifaa hununua kioo kingine, au husafirisha mashine hadi Mwanza, ilhali kasoro huenda ipo kwenye waya au kwenye mpangilio uliohifadhiwa na mchezo wenyewe.

Makala hii inafafanua namna ya kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kubadilisha kifaa chochote. Hoja yake kuu ni kwamba wakati hitilafu inapojitokeza, pamoja na hali ya sauti ya mchezo wakati huo, hutosha kumwelekeza fundi kwenye sehemu sahihi ya kuanzia.

2.0 Mabadiliko yanayoletwa na mchezo

Mchezo unapofunguliwa, mambo matatu hubadilika. Kwanza, ishara inayopelekwa kwenye kiwambo huweza kubadilika. Uchapaji unaweza kufanyika katika mwonekano wa nukta 1024 kwa 768, yaani nukta 786,432 kwa kila picha. Mchezo ukidai 1920 kwa 1080, nukta hizo huwa 2,073,600, na zikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, kiwambo hupokea nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Pili, kadi ya michoro hufanya kazi kubwa zaidi, hivyo hutumia umeme mwingi na kupata joto. Tatu, mchezo hutegemea programu kiendeshi ya kadi hiyo kwa kiwango ambacho uchapaji hauhitaji.

Kwa hiyo, kioo kinachofanya kazi vizuri katika uchapaji na kushindwa katika mchezo hakijathibitika kuwa kibovu. Kilichothibitika ni kwamba mojawapo ya mambo hayo matatu limevuka uwezo wa sehemu fulani ya mfumo.

3.0 Uchambuzi wa dalili

3.1 Kioo kuzimika papo hapo, sauti ikiendelea

Sauti ikiendelea kusikika, kompyuta bado inafanya kazi. Kiwambo kikionesha ujumbe kwamba ishara iko nje ya uwezo wake, mchezo umechagua mwonekano au kasi ya kuchora picha ambayo kiwambo hakiwezi. Mpangilio wa Windows ukibadilishwa hurejea ulivyokuwa baada ya sekunde 15 usipothibitishwa, lakini si kila mchezo una kinga hiyo. Mchezo huhifadhi chaguo lake, ndiyo maana kuzima na kuwasha kompyuta hakusaidii. Utatuzi ni kuuendesha mchezo ndani ya dirisha, mara nyingi kwa kubonyeza Alt na Enter kwa pamoja, kisha kupunguza mwonekano. Ikishindikana, faili la mipangilio la mchezo lihamishwe mahali pengine ili mchezo uanze upya na mipangilio ya awali.

3.2 Rangi kupotea na uwezo wa kiwambo kutotambulika

Vioo vingi vya zamani hutumia waya wa VGA, mfumo uliotolewa na IBM mwaka 1987. Kichwa chake kina nafasi za pini 15. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani na ya 3 buluu. Pini ya nyekundu ikikatika, mahali peupe huonekana pa kijani-buluu. Ikikatika ya kijani, huonekana pa zambarau. Ikikatika ya buluu, huonekana pa manjano.

Pini za 12 na 15 zinahitaji uangalifu zaidi. Kupitia hizo, kompyuta husoma taarifa za uwezo wa kiwambo. Zikikatika, picha huendelea kuonekana vizuri katika uchapaji, lakini kompyuta haijui tena mipaka ya kiwambo na huweza kuuruhusu mchezo kuchagua ishara isiyofaa. Hapa hitilafu ya waya hujificha hadi mchezo uifichue. Waya mwingine uliothibitika kuwa mzima ujaribiwe kabla ya kununua kioo.

3.3 Picha kukatika baada ya dakika kadhaa

Hitilafu inayochelewa huashiria joto au umeme. Katika kiangazi cha Simiyu, vumbi hujaa kwenye feni na mapezi ya kupoozea. Kompyuta izimwe, ichomolewe, isafishwe kwa brashi kavu, na feni ishikwe isizunguke. Kisanduku cha kugeuza umeme na vioo vya zamani vyenye kisogo visifunguliwe na asiye na ujuzi, kwa kuwa hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kompyuta ikizimika yote, uchunguzi uhamie kwenye umeme. Mashine ijaribiwe saa nyingine au kwenye tundu jingine, na volti zipimwe. Kiwango cha kawaida nchini ni 230. Kioo kikiwa cheusi kwa muda mfupi kisha picha ikarejea, huenda kadi ya michoro haikuitikia ndani ya sekunde 2, muda ambao Windows huusubiri kabla ya kuianzisha upya. Ikiwa vumbi limekwishaondolewa, programu kiendeshi isakinishwe upya.

3.4 Kasoro zisizo uharibifu

Picha inayoonekana kupasuka katikati hutokea kadi inapotoa picha bila kupatana na mzunguko wa kiwambo. Uwianishaji wa picha uwashwe ndani ya mchezo. Kingo zikikatwa kwenye televisheni inayotumika kama kiwambo, menyu ya televisheni yenyewe irekebishwe. Mchezo ukiwa mzito kupita kiasi, ihakikishwe kwamba waya umechomekwa kwenye kadi ya michoro iliyoongezwa, si kwenye tundu la ubao mkuu.

4.0 Hitimisho

Utaratibu unaopendekezwa unaanza na kisicho na gharama: kusikiliza sauti, kupunguza mwonekano, kubadilisha waya, kusafisha vumbi, kupima umeme, kisha kusakinisha upya programu kiendeshi. Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati, la sivyo fundi hatajua kilichoponya. Hatimaye kioo kijaribiwe kwenye kompyuta nyingine katika mwonekano kinaoumudu. Kikishindwa na huko, ndipo hukumu kwamba kimekufa itakuwa na ushahidi, na fedha ya mwenye kifaa itatumika mahali panapostahili.