Kuuza Nyumba kwa Mtu wa Safari: Yapi Akabidhi, Yapi Abaki Nayo

Wapo wakazi ambao riziki yao iko barabarani. Dereva wa lori hupeleka shehena Lubumbashi kupitia Tunduma na kurejea baada ya wiki kadhaa. Fundi wa mitambo huingia mgodini Geita kwa zamu. Mkaguzi wa hesabu hutumwa mkoa huu leo na mkoa ule kesho, na mfanyabiashara wa nafaka hufuata msimu. Watu hawa, kama wananchi wengine, hufikia wakati wakalazimika kuuza nyumba: familia imehamia kwingine, mtoto anahitaji ada, au nyumba imekuwa ndogo. Ugumu wao mara nyingi si kumpata mnunuzi. Ugumu ni kwamba mauzo humtaka mmiliki awepo siku ambazo hakuzichagua, na asipokuwepo, wengine huanza kuamua kwa niaba yake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuuza nyumba kwa utaratibu halali bila kuacha kazi ya safari. Msingi wake ni mmoja: mmiliki anaweza kukabidhi shughuli, lakini asikabidhi uamuzi wala fedha.

Jalada likamilike kabla ya tangazo

Mtu asafiriye asitangaze nyumba kwanza na kutafuta nyaraka baadaye. Mnunuzi akishapatikana, kila karatasi inayokosekana humlazimu muuzaji kukatisha safari au kutia saini kwa pupa. Kwa hiyo, katika mapumziko ya safari moja, akusanye jalada lote mahali pamoja: hati ya kumiliki ardhi, au leseni ya makazi kwa walio katika maeneo yasiyopimwa, mkataba wa ununuzi wa awali, stakabadhi za pango la ardhi, kitambulisho cha taifa, namba ya utambulisho wa mlipakodi, na risiti za ujenzi na matengenezo.

Kisha aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Wengi hudhani upekuzi ni kazi ya mnunuzi pekee. Hata hivyo, muuzaji naye hunufaika, kwa kuwa daftari la usajili huonyesha kama jina limeandikwa sawasawa, kama nyumba bado imewekwa rehani benki, au kama kuna mtu aliyeweka zuio. Mkopo uliolipwa miaka mingi iliyopita unaweza kuwa bado unasomeka katika daftari kwa sababu rehani haikufutwa. Ni afadhali jambo hilo lijulikane mapema kuliko kujulikana mnunuzi akiwa amekwishafika na fedha. Vivyo hivyo, nyumba ya urithi ambayo bado ina jina la marehemu haiwezi kuuzwa na mtoto yeyote kwa kuwa tu yeye ndiye anayeishi humo. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Yapo pia madeni madogo yanayosahaulika. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa luku. Nyumba iliyofungwa miezi mingi bila kununuliwa umeme huwa na deni linalosubiri. Ankara ya maji nayo ifungwe, na mpangaji, kama yupo, aarifiwe kwa maandishi juu ya nia ya kuuza.

Idhini ya mwenza haina mbadala

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kuweka rehani au kutoa nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kwa mtu wa safari, kinga hii ina pande mbili. Yeye akiwa njiani hawezi kukamilisha mauzo kwa simu huku aliyebaki nyumbani hajui. Na aliyebaki nyumbani hawezi kuuza huku mwenzake akiwa mbali. Kifungu hicho pia kinampa mwenza maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuweka zuio katika daftari la ardhi.

Idhini hiyo itolewe kwa maandishi mbele ya wakili au ofisa mwingine mwenye mamlaka ya kushuhudia, na itolewe mapema. Mauzo mengi hukwama hatua ya mwisho kwa sababu mwenza aliulizwa mwisho.

Mwakilishi na hati yake

Mmiliki asiyeweza kuwepo kila wakati anaruhusiwa kumteua mtu afanye mambo fulani kwa niaba yake. Uteuzi huo hufanywa kwa hati ya uwakilishi, inayotiwa saini mbele ya wakili ambaye ni mthibitishaji wa umma. Aliye nje ya nchi anaweza kuomba huduma hiyo katika ubalozi wa Tanzania ulio karibu naye. Ili mwakilishi aweze kutia saini nyaraka za uhamisho zitakazokubaliwa na Msajili wa Hati, hati ya uwakilishi nayo lazima iwasilishwe na kusajiliwa huko. Barua ya kawaida yenye mhuri wa mtaa haitoshi kwa jambo hilo.

Uzito wa hati hii uko katika maneno yake. Hati ya jumla inayosema mwakilishi "afanye lolote kuhusu mali zangu" humpa mtu mwingine nguvu ya kuuza kwa bei yoyote na kumpa yeyote. Inayofaa ni hati maalumu, inayotaja nyumba moja kwa namba ya kiwanja na kitalu, inayoorodhesha kazi zinazoruhusiwa, na yenye tarehe ya ukomo. Kazi hizo zaweza kuwa kuonyesha nyumba, kufuatilia upekuzi na uthamini, kuwasilisha fomu, kupokea barua za ofisi na kulipa tozo zenye namba ya malipo ya serikali. Kazi mbili zibaki kwa mmiliki: kukubali bei na kupokea fedha. Endapo safari ni ndefu kiasi kwamba mwakilishi hana budi kutia saini mkataba, hati itaje bei ya chini inayokubalika na akaunti ya benki ya mmiliki kuwa mahali pekee pa kupokelea malipo.

Mmiliki akibadili nia, afute uwakilishi kwa maandishi, amjulishe mwakilishi, na apeleke taarifa ya kuufuta kwa Msajili. Ikumbukwe pia kwamba uwakilishi wa kawaida hukoma mmiliki anapofariki. Ndugu anayeendelea kuuza kwa hati hiyo baada ya msiba anauza bila mamlaka.

Dalali, funguo na kishika uchumba

Dalali mwaminifu ni msaada mkubwa kwa mtu wa safari, kwani hupokea wateja na kuwapambanua wenye nia na wapita njia. Lakini kazi yake ni kukutanisha pande mbili. Hapewi hati halisi. Nakala inamtosha, na hata hiyo iandikwe juu yake kuwa ni nakala ya kuonyesha tu. Hati halisi ikae benki au kwa wakili dhidi ya stakabadhi.

Ujira wa dalali uandikwe kabla hajaanza kazi: kiasi gani, na utalipwa lini. Funguo zikae kwa mtu mmoja anayejulikana, na siku za kuonyesha nyumba zipangwe, kwa mfano Jumamosi mbili za mwezi, ili jirani na mpangaji wasisumbuliwe na mwenye nyumba ajue nani ameingia.

Tahadhari kubwa ni malipo ya awali, maarufu kama kishika uchumba. Mmiliki akiwa mbali, mtu mmoja anaweza kupokea kishika uchumba kwa wanunuzi wawili, kila mmoja akiamini nyumba ni yake. Mgogoro wa namna hiyo huishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na pengine Mahakama Kuu. Shauri lina tarehe zake, na tarehe hizo haziulizi ratiba ya safari ya mtu. Kinga yake ni rahisi: hakuna malipo yoyote kabla ya mkataba wa maandishi, na hakuna malipo yanayopita mkononi mwa mtu wa tatu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yenyewe inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe katika maandishi. Maelewano ya simu hayatoshi.

Kodi na ushuru vina saa yake

Muuzaji mkazi hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama za kununua na kuendeleza nyumba. Tuchukue mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi 40,000,000, ikaendelezwa kwa shilingi 15,000,000, kisha ikauzwa kwa shilingi 75,000,000. Faida ni shilingi 20,000,000, na kodi ni shilingi 2,000,000. Asiye na risiti za uendelezaji huweza kuonekana kuwa amepata faida ya shilingi 35,000,000. Hii ndiyo thamani ya kutunza risiti za saruji na mabati.

Sheria ya Kodi ya Mapato inatoa nafuu kwa makazi binafsi ambayo mwenyewe ameyamiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi, iwapo faida haizidi shilingi 15,000,000. Mwenye nyumba ya mfano wetu hahusiki na nafuu hiyo, kwa kuwa faida yake imevuka kiwango. Kodi hii hulipwa kabla ya uhamisho kusajiliwa, hivyo muuzaji asiyeilipa kabla ya kuondoka humfungia mnunuzi mlango hadi atakaporudi.

Upo pia ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Hati ya uhamisho inatakiwa kulipiwa ushuru huo ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini. Saini inayotiwa asubuhi ya kuondoka, kisha hati ikafungiwa katika begi la safari kwa wiki sita, huzaa adhabu isiyo ya lazima.

Kutaja bei ndogo katika mkataba ili kupunguza kodi hakusaidii. Mamlaka hutazama thamani iliyothibitishwa na mthamini, na siku mgogoro ukitokea, bei iliyoandikwa ndiyo itakayosomwa mbele ya baraza.

Siku tatu za kutokosa

Mmiliki akipanga vema, anaweza kuyakusanya yanayomhitaji yeye mwenyewe katika siku tatu. Siku ya kwanza ni ya maandalizi: jalada, idhini ya mwenza na hati ya uwakilishi. Siku ya pili ni ya mkataba, baada ya mnunuzi kuridhika na upekuzi; hapo pande zote husaini mbele ya wakili, na mkataba hutaja bei, awamu za malipo, tarehe ya kukabidhi, na nani hulipa tozo ipi. Siku ya tatu ni ya kukamilisha: salio limethibitishwa na benki kuwa limeingia, hati ya uhamisho imesainiwa, na funguo zimekabidhiwa pamoja na usomaji wa mita.

Kati ya siku hizo, mwakilishi anaendelea na ofisi, na mmiliki yuko kazini. Mnunuzi aelezwe ratiba hiyo tangu mwanzo na tarehe ziandikwe katika mkataba. Mnunuzi wa kweli husubiri tarehe inayojulikana. Anayeshinikiza saini leo kwa sababu muuzaji anasafiri kesho anastahili kutiliwa shaka.

Na kamwe mmiliki asisaini fomu tupu za uhamisho ili "zijazwe baadaye". Fomu iliyosainiwa bila jina la mnunuzi wala bei inaweza kujazwa jina lolote na bei yoyote.

Nyumba iliyo kwenye ardhi ya kijiji

Kwa nyumba zilizo vijijini, hakimiliki ni ya kimila na inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Uhamisho wake unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake, aliyoitoa nyumbani kwake jioni, si uamuzi wa halmashauri. Muuzaji aombe kwa maandishi, aulize tarehe ya kikao, na apate nakala ya muhtasari. Kila malipo yanayodaiwa yatolewe stakabadhi.

Pa kuanzia

Ndugu mwananchi, iwapo unatarajia kuuza nyumba mwaka huu na kazi yako ni ya safari, anza katika mapumziko yajayo kwa kufika Ofisi ya Ardhi ya Halmashauri ukiwa na hati yako. Uliza mambo matatu: kama kumbukumbu za kiwanja chako ziko sawa, kama unadaiwa pango la ardhi, na fomu zipi zinahusika na uhamisho wa aina ya miliki uliyo nayo. Majibu hayo yatakuonyesha kama nyumba yako iko tayari kutangazwa, au kama safari nyingine moja inapaswa kupita kwanza.