Biyombo: dola milioni 72 zilinunua nini?

Mkulima wa Kanyabayonga hahitaji kufundishwa kwamba bei na thamani ni vitu viwili. Gunia la maharagi ni lile lile, limetoka shamba lile lile. Malori yakipanda kwa wingi kutoka Goma na kushuka kutoka Butembo, linauzwa vizuri. Barabara ikifungwa, linabaki nyumbani. Vita vilivyoufikia mji huo Juni 2024 vimewakumbusha wengi jambo hilo kwa uchungu.

Soko la wachezaji wa basketi huko Marekani linaenda karibu hivyo hivyo. Na Mkongomani ambaye habari yake inalionyesha waziwazi ni Bismack Biyombo, pivo aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1992, akapitia Yemen na Hispania kabla ya kuingia NBA mwaka 2011.

Kila mwaka mwanzoni mwa Julai, mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha anakuwa huru kusaini na timu yoyote inayomtaka. Mwaka 2015 Biyombo aliingia katika soko hilo akiwa hana jina kubwa. Charlotte ilikuwa imemwacha, na Toronto Raptors ikamchukua kwa karibu dola milioni 3 kwa mwaka, pesa ndogo kwa ligi ile. Kazi yake ilikuwa kumpumzisha Jonas Valančiūnas.

Halafu, Mei 2016, Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu katikati ya mechi za mwisho wa msimu. Biyombo akaachiwa eneo lote la chini ya kikapu. Tarehe 21 Mei, katika mechi ya tatu ya nusu fainali dhidi ya Cleveland ya LeBron James, alikamata mipira 26 iliyogonga chuma na kurudi. Hakuna mchezaji wa Raptors aliyewahi kufikia idadi hiyo katika mechi moja. Toronto ilishinda 99 kwa 84, na Cleveland ndiyo iliyokuja kutwaa ubingwa mwaka ule. Kila aliyekuwa akifuatilia alimwona akizuia mitupo na kuitikisa shahada ya mkono wake hewani kama alivyozoea kufanya Dikembe Mutombo.

Wiki chache baadaye alikuwa huru sokoni.

Hapa ndipo wanunuzi walipotakiwa kutulia. Mambo yake mazuri yalikuwa wazi: anaruka, ana mikono mirefu, anapenda kazi ngumu, na hakosi mechi (msimu ule alicheza zote 82). Mapungufu nayo yalikuwa wazi kwa mwenye macho. Msimu mzima alipata wastani wa pointi zisizofika 6 kwa mechi. Hakuwa na mtupo wa mbali, mikono yake ilikuwa migumu kupokea pasi za kasi, na katika mitupo huru alikosa zaidi ya mmoja katika kila mitatu. Huyo ni mlinzi wa kikapu, fundi wa kazi moja. Ukimweka pamoja na watu wanaojua kufunga, anakufaa sana. Ukimweka palipojaa pivo wengine, umenunua jembe la pili kwa shamba lenye mkulima mmoja.

Orlando Magic ilimpa dola milioni 72 kwa miaka minne.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu mwaka ule malori yalifika. Ligi ilikuwa imesaini mkataba mpya wa televisheni, na kikomo cha mishahara kwa kila timu kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi zaidi ya milioni 94 kwa mara moja. Timu zilikuwa na pesa kuliko wachezaji wazuri wa kununua. Joakim Noah alipata milioni 72 kwa New York, Timofey Mozgov milioni 64 kwa Los Angeles Lakers. Ukiwalinganisha na hao wawili, Biyombo alikuwa kijana zaidi na mwenye afya zaidi.

Tatizo lilikuwa Orlando yenyewe. Tayari ilikuwa na pivo Nikola Vučević, anayefunga vizuri. Siku chache kabla ya kumsaini Biyombo ilikuwa imemleta pia Serge Ibaka wa Brazzaville, na ilikuwa na Aaron Gordon. Watu wanne warefu kwa nafasi mbili! Gordon akasukumwa kucheza pembeni, Biyombo akaanzia benchi mechi nyingi, akapata wastani wa pointi 6 na mipira 7. Timu ikashinda mechi 29 tu. Februari 2017 Ibaka akauzwa, na aliyemnunua ni Toronto, mahali pale pale Biyombo alipotoka. Mwaka 2019 Ibaka alitwaa ubingwa huko.

Julai 2018 Orlando ilimrudisha Biyombo Charlotte na kumpokea Mozgov. Mikataba miwili ya kiangazi kile kile ikabadilishana njia, na Mozgov hakuichezea Magic hata mechi moja ya ligi.

Tangu hapo kuna waliomwita Biyombo mchezaji ghali asiye na faida. Hilo si haki. Alichokifanya Orlando ndicho alichokuwa akikifanya Toronto kabla ya Valančiūnas kuumia: kulinda, kuruka, kukamata mpira. Aliyekosea hesabu ni aliyelipa wiki mbili za Mei kana kwamba ni miaka minne.

Mkataba ule ulipokwisha, bei yake ilirudi chini. Mwaka 2021 baba yake alifariki. Januari 2022 Phoenix Suns ilimchukua kwanza kwa siku 10, kisha hadi mwisho wa msimu, kwa dola milioni 1.3 hivi. Mshahara wote huo aliutoa ili kujenga hospitali nchini Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Baadaye akapita Memphis na Oklahoma City, na Februari 2025, akiwa na miaka 32, San Antonio Spurs ikampigia simu: tena mkataba wa siku 10, tena akabakizwa hadi msimu ulipokwisha.