Fahamu Maneno ya Kitabibu Yanayohusu Endometriosi

Msichana anayekosa masomo kila mwezi kwa sababu ya maumivu ya hedhi mara nyingi huambiwa kuwa ana chango na kwamba atapona akizaa. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo kwingineko nchini, kauli hiyo huweza kuchelewesha uchunguzi wa endometriosi, ugonjwa ambao kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa.

Endometriamu ni utando wa ndani wa mji wa mimba, ambao hujijenga kila mwezi na kutoka kama damu ya hedhi. Endometriosi hutokea pale tishu zinazofanana na utando huo zinapoota nje ya mji wa mimba, kwa mfano kwenye ovari, mirija ya uzazi au utumbo. Tishu hizo huchochewa na homoni ya estrojeni na kusababisha uvimbe, maumivu na makovu.

Dismenorea ni maumivu makali ya hedhi, na dispareunia ni maumivu wakati wa tendo la ndoa. Adhesheni ni makovu yanayoshikanisha viungo vya ndani. Endometrioma ni kifuko cha damu nzito kwenye ovari. Hutofautiana na faibroidi, ambayo huota katika msuli wa mji wa mimba.

Ultrasaundi huweza kuonesha endometrioma, lakini majibu yasiyoonesha tatizo hayathibitishi kuwa ugonjwa haupo. Laparoskopia ni upasuaji wa matundu madogo ambapo daktari hutumia kamera kuona na kuondoa tishu hizo.

Endometriosi si saratani wala haiambukizi. Huweza kuchangia ugumba, ingawa wagonjwa wengi hupata watoto. Hakuna tiba inayoumaliza kabisa, lakini dawa za maumivu, dawa za homoni na upasuaji hupunguza makali yake.

Mwanamke mwenye dalili hizo anashauriwa kuandika tarehe za hedhi na siku za maumivu, kisha kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, hupewa rufaa kwenda ngazi ya juu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.