Mutu wa Bunia anatafuta Ituri kwenye formulere, haioni

Mwaka wa 2015, Kongo ilitoka kwenye majimbo 11 ikafika 26, Kinshasa ndani. Jimbo la Mashariki likagawanywa kuwa manne: Tshopo, Ituri, Haut-Uélé na Bas-Uélé. Kwenye karatasi kazi ilikwisha. Lakini ndani ya programu za intaneti, zile watu wanajaza ili kuandikisha mtoto kwa shule ao kuomba kazi, jina la zamani linaweza kubakia miaka.

Programu iliyotengenezwa vizuri haiandike "Ituri" kwa kila mutu. Inaandika kode tu, kwa mufano CD-IT, na jina lenyewe linakaa mahali pamoja, kwenye orodha iliyo kama kamusi: unaleta kode, inakurudishia jina. Jina likibadilika, fundi anasahihisha mustari mumoja na kurasa zote zinafuata. Wengine wanaandika majina ndani ya kila ukurasa. Wanasahihisha tano, wanasahau wa sita.

Kosa baya zaidi ni kuchukua mustari wa zamani na kuuita "Tshopo" kwa haraka. Pale pale mukaaji wa Djugu anageuka mutu wa Kisangani. Inafaa mustari ule ubakie, ufungwe tu usichaguliwe tena, kisha kila mutu apelekwe kwa jimbo jipya kufuatana na teritware yake: Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa ziende Ituri. Ni kazi ya kuchosha, lakini njia ya mukato hakuna.

Kuko pia mipangilio, vitu programu inasoma wakati inawaka: franka ao dola, luga, na zaidi sana saa. Mashariki inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Tuseme servere imepangwa "Africa/Kinshasa". Muuguzi wa Bukavu anaandika randevu ya saa tatu za asubui. Programu inafikiri ni saa tatu za Kinshasa. Simu ya mama mugonjwa, iliyo kwa saa ya Bukavu, inamuonyesha saa ine. Anafika, zamu yake imepita.

Mpangilio wa kweli unaitwa "Africa/Lubumbashi". Goma na Bukavu hazina jina lao kwenye orodha ya saa za dunia. Na kama programu inatumika nchi nzima, kila kituo kiwe na saa yake. Lakini randevu zilizokwisha kuandikwa hazijisahihishe zenyewe: inapaswa kuzihesabu upya, na kuwapigia wagonjwa simu.