Ncha Moja Hupita Mbele: Namna ya Kufunga Bangili ya Ngozi na Shanga

Fundi anayefunga bangili hahitaji maneno mengi. Anasema «fanya hivi, kisha hivi», na mikono yake inamaliza sentensi. Anayeandika hana mikono ya kuonyesha. Hapa nitaeleza namna ya kutengeneza bangili ya ngozi yenye mafundo na shanga za kumetameta, pamoja na mahali ambapo maelezo yangu ya kwanza yalishindwa.

Vifaa ni vichache: uzi wa ngozi wenye unene wa milimita 1, vipande viwili, kimoja cha sentimita 60 na kingine cha sentimita 150, shanga sita au saba za kioo, ushanga mmoja mkubwa wa kufungia, gundi kidogo na mkasi. Vipimo hivi vinafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 16 hivi. Uzi mrefu ndio unaoliwa na mafundo, kwa hiyo kila nusu yake iwe mara nne au tano ya urefu wa bangili.

Chagua shanga zilizochongwa nyuso nyingi. Kila uso hurudisha mwanga upande wake. Mkono ukisogea, uso mwingine unawaka. Angalia pia tundu. Nyuzi mbili zitapita humo pamoja, basi liwe na upana wa milimita 3, tena lisiwe na ukingo mkali, kwa sababu litakata ngozi polepole.

Kunja uzi mfupi katikati. Pale ulipokunjika acha kitanzi ambacho ushanga mkubwa unapita kwa kubanwa kidogo. Nyuzi mbili zinazoshuka kutoka kitanzi ni nyuzi za kati. Hizo hazifungi, zinafungwa. Weka katikati ya uzi mrefu nyuma yake, chini ya kitanzi, ili ncha moja itokee kulia na nyingine kushoto.

Sasa fundo lenyewe. Ncha ya kulia ipite mbele ya nyuzi za kati kwenda kushoto. Ncha ya kushoto ipite juu ya hiyo ya kwanza, izunguke nyuma ya nyuzi za kati, itokeze kulia ndani ya pengo lililoachwa na ncha ya kwanza. Vuta zote mbili kwa nguvu sawa. Hiyo ni nusu ya fundo. Nusu ya pili hufanywa vilevile, lakini kuanzia kushoto.

Niliwasomea wenzangu wawili maelezo hayo ya kulia na kushoto. Baada ya mafundo matano walikuwa wamesahau zamu, wakaanza kulia kila mara. Bangili zao zikajipinda kama ngazi ya kuzunguka, na nusu ya shanga zikageukia ngozi ya mkono, pasipo mwanga. Kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimetaja pande, na pande hubadilika: ncha iliyokuwa kulia sasa iko kushoto. Lakini ukitazama vizuri, ncha inayopita mbele katika nusu ya kwanza ndiyo ileile inayopita mbele katika nusu ya pili. Basi itie alama, kwa wino au kwa kuikata mshazari, na ukumbuke sentensi moja tu: yenye alama hupita mbele daima.

Baada ya kila mafundo mawili kamili, ingiza ushanga katika nyuzi za kati, usukume hadi juu, upitishe ncha za kufungia kandokando yake, kisha funga tena chini yake. Bangili ikitimia urefu wa mkono, tia tone la gundi kwenye fundo la mwisho na ukate ncha za kufungia. Nyuzi za kati zipitishe katika ushanga mkubwa, uzifunge pamoja fundo nene. Ushanga huo ukiingia katika kitanzi, bangili imefungika.

Ukikosea, usikate. Kiswahili kimetuwekea dawa katika kitenzi chenyewe: kilichofungwa hufunguliwa, kilichofumwa hufumuliwa. Rudi nyuma fundo moja moja hadi uione ile yenye alama imepita nyuma. Mwandishi wa maelezo naye hufanya hivyo: akiona msomaji amepotea, arudi kwenye sentensi iliyompoteza.