Moshi wa Jiji na Ujira wa Kibarua

Mwezi Machi 1991 serikali ya Mexico ilifunga kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokuwa Azcapotzalco, ndani ya jiji la Mexico City. Baadaye watafiti Rema Hanna na Paulina Oliva walichambua takwimu za kipindi kile. Uchafuzi wa hewa katika mitaa iliyopakana na kiwanda ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 20, na wakazi wake wakawa wanafanya kazi saa 1.3 zaidi kwa wiki. Muda huo wote ulikuwa ukiliwa na moshi.

Nairobi nayo inaliwa, ila wanaoumia zaidi hawana hata daftari la mahudhurio. Kuna makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu Jogoo Road, fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, na mama anayechoma mahindi kando ya barabara, moshi wa makaa mbele yake na wa malori mgongoni.

Chembe zinazowadhuru ni ndogo kuliko mikroni 2.5. Hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Kwa hiyo haziishii kuleta kikohozi na pumu. Huleta pia maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara. Kibarua wa kutwa hazioni. Akiamka kifua kimembana, ama atalala na njaa, ama atarudi kwenye moshi uleule uliomwuguza. Wengi hurudi, na huo si uvumilivu wa kusifiwa.

Mwaka 2015 dizeli inayouzwa nchini iliwekewa kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni. Ilikuwa hatua njema, lakini injini iliyochoka hutema moshi mweusi hata ikinyweshwa mafuta safi. Wenye matatu na malori, tengenezeni injini zenu. Nanyi wenye mamlaka, gari linalofuka moshi liondoeni barabarani kama mnavyoliondoa lisilo na breki.